Upepo Utoke, Springi Iingie

2 Machi 2013

Mimi Kisyeri, fundi baiskeli wa Nyakunguru, katika miaka arobaini na saba ya ufundi sijawahi kushindwa na baiskeli hata moja.

Huo mstari wa juu ni uongo. Nimeusoma tena nikaona haya kidogo, lakini kalamu ni ya wino. Ziko nne zilizonishinda. Tatu zimeshakuwa chuma chakavu, na ya nne imeegemea ukuta wangu sasa hivi, ya bluu, inanitazama.

Daftari hili nimepewa na Tabitha, mhudumu wa afya wa zahanati yetu, ili kila siku niandike kama nimemeza dawa ya presha. Amesema, "Mzee, andika ukweli. Mwisho wa masika nitalisoma lote." Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne. Akajibu kwamba neno "nimemeza" halihitaji darasa la tano. Binti huyu ana mdomo. Angekuwa mwanaume ningemchukua awe mtani wangu rasmi.

Baiskeli ya bluu ni yake. Wafadhili waliileta, ya milima, gia ishirini na moja, na uma wa mbele wenye shokapu. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, Tabitha anafunga boksi la chanjo kwenye karia, anateremka hadi mtoni, anavuka kwa magogo mawili, kisha anaendelea kilomita nane hadi Ng'ambo, kule ambako hakuna zahanati. Bodaboda ziko tele huku kwa sababu ya dhahabu, ila pikipiki haipiti juu ya magogo. Baiskeli unaitia begani unavuka.

Shida ni kwamba uma unalala. Anaanza safari umesimama, akifika mtoni umeinama kama ng'ombe anayekunywa maji.

Dawa: nimemeza.

3 Machi

Mvua. Nimemeza.

4 Machi

Nimefungua kifuniko cha uma nikaelewa ugonjwa. Uma wa namna hii una miguu miwili. Mmoja umejaa oili, wa kutuliza mtikisiko. Mwingine ndio unaobeba uzito, na mzungu, badala ya kutia springi humo, ametia upepo. Upepo mtupu! Kwao barabara ni kama meza. Huku kwetu malori ya mawe yamechimba barabara kuliko wanaapolo wanavyochimba maduara yao, yale mashimo ya dhahabu.

Nimeenda Bomani kwa Faridu, mwenye duka la vipuri.

"Shikamoo mzee wa viraka."

"Marahaba, mwizi wa mchana. Nataka pampu ya kujazia uma."

Faridu akacheka mpaka kofia ikasogea. "Pampu ya hiyo ni ndogo, ina saa yake ya kusomea upepo, inajaza kidogo kidogo. Hapa hakuna. Mwanza hakuna. Hata ukivuka mpaka pale Sirari watakuambia subiri mzigo."

"Basi niuzie uma wa kawaida."

"Shingo haitaingia, mzee. Ya kwako ni nene, zangu zote ni nyembamba. Unywe chai?"

Nimekunywa chai. Bure, kwa hiyo sikurudi mikono mitupu.

Dawa: nimemeza.

5 Machi

Nina akili kuliko mzungu na Faridu wakiwekwa pamoja. Upepo kwani unakosekana Nyakunguru? Pale kwenye duara la Heche, aliyekuwa fundi wangu zamani, kuna kompresa kubwa kama nyumba ya kuku, ile inayopeleka nguvu kwenye mashine ya kupasulia mwamba chini. Heche hakuwepo. Nilimpa mlinzi ugoro, nikachomeka mpira, nikajaza. Uma ukasimama kama dume la ng'ombe linalotafuta ugomvi.

Kulikuwa na kasauti. Tss. Kadogo sana.

Nimemrudishia Tabitha baiskeli. Amenishukuru mara tatu.

6 Machi

Ameanguka.

Ilikuwa kwenye mteremko wa mwisho kabla ya mto, penye mawe. Anasema uma ulishuka wote kwa mara moja, ukagonga mwisho, gurudumu likakwama, yeye akapita juu ya usukani. Mkono umechubuka kutoka kiwiko hadi kiganjani. Boksi lilifunguka. Chupa za chanjo zikapasukia kwenye mawe, zote isipokuwa mbili. Amerudi kwa miguu akisukuma baiskeli, na akina mama wa Ng'ambo wamengoja mpaka jua likageuka.

Mganga wetu wa zahanati si mtu mbaya, ila ana mabosi juu yake. Amemwambia Tabitha hivi: kliniki ya Ng'ambo ikikosekana mara mbili tena masika haya, itafungwa mpaka Julai, na chanjo zake zitapelekwa kwingine ambako zinafika.

"Uma ulikuwa umechakaa, mzee?" Tabitha ameniuliza, pamba imefungwa mkononi.

"Umechakaa," nikasema. "Hivi vitu vya msaada."

Dawa: nimemeza.

7 Machi

Mke wangu Mokami ameniuliza mbona sili. Nimesema ugali una mchanga. Amekasirika, na nilitaka hivyo ili asiulize zaidi.

9 Machi

Mvua tangu asubuhi. Mtu anaweza kuandika nini.

11 Machi

Nimeufungua uma wote. Kwenye mguu wa upepo kuna pistoni, na kwenye pistoni kuna kapete ka mpira kanakozuia upepo usitoroke. Kamekatika. Hakajachakaa. Kamekatika, kama mpira wa manati uliovutwa na mtoto mwenye hasira. Anayeweza kukavuta hivyo ni kompresa ya duara peke yake.

Nimekaa nako kiganjani muda mrefu. Mokami alipita akasema, "Umeona dhahabu?"

Kapete kengine hakapatikani, na hata kakipatikana, pampu hakuna. Nimewaza hivi. Mguu ule ni bomba tupu. Kama mzungu alitoa springi akatia upepo, mimi natoa upepo natia springi. Springi haivuji. Springi haihitaji saa ya kusomea. Inabidi tu iwe nyembamba kiasi cha kuingia, laini kiasi cha kumeza jiwe, na ngumu kiasi cha kumbeba Tabitha na boksi lake.

Kwa kazi hiyo nahitaji jiriwa, ile ya chuma inayobana kitu kisicheze. Yangu sina. Jiriwa yangu iko kwa Heche. Alikuwa mwanafunzi wangu wa ufundi miaka sita, akala ugali wangu, dhahabu ilipolipuka akaniacha akaenda kutengeneza karasha za kusagia mawe, sasa ana duara lake na viatu vyenye ncha. Na jiriwa yangu imeondoka naye. Mtu akiuliza maana ya mwizi, nitamwonyesha Heche.

Dawa: nimemeza.

14 Machi

Nimeenda kwake. Pale karasha zinapiga kelele hata ukitukana hakuna anayesikia, na nilitumia nafasi hiyo vizuri. Heche aliponiona akazima mashine.

"Shikamoo, tata."

Bado ananiita baba kwa Kikurya. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, sikujiandaa kwa shikamoo.

"Marahaba. Nimekuja kutumia jiriwa yangu."

Wafanyakazi wake wakatazamana. Heche akanipeleka kibandani kwake. Jiriwa imefungwa juu ya meza ya mninga, imepakwa grisi, haina kutu hata ya kumpaka sisimizi. Nikamweleza habari ya springi. Akaushika uma, akachungulia ndani ya mguu kwa jicho moja, kama nilivyomfundisha.

"Springi ya mguu wa mbele wa pikipiki," akasema. "Hizi ndogo za Kichina. Upana ni ule ule. Ni ndefu tu, itakatwa."

"Mura, kijana, hiyo nilikuwa nimeshaiwaza."

"Najua, tata."

Sikuwa nimeiwaza.

Alinitolea moja kutoka kwenye pikipiki yake iliyoungua mwaka jana. Nilipofika mlangoni akasema, "Usiiguse kwa moto. Moto unaua springi." Nikamwambia nilikuwa fundi wakati yeye ananyonya.

19 Machi

Nimeigusa kwa moto.

Nilikwisha kuikata, na ule mwisho uliokatwa ulikuwa mkali, unakaa upande. Ilibidi ulale bapa. Njia ya halali ni tupa, siku mbili za kusugua. Njia yangu ilikuwa mkaa na dakika kumi. Ukalala bapa vizuri sana. Nikaitia ndani, nikakaa juu ya baiskeli, springi ikashuka na haikupanda tena. Imelala mpaka sasa. Ukiibana inabanika kama chapati.

Kesho ni Jumatano.

20 Machi

Tabitha ameenda Ng'ambo kwa miguu. Boksi kichwani, matope mpaka magotini. Alifika saa nane mchana. Wamama wengi walikuwa wamesharudi kwenye palizi. Kati ya watoto thelathini na mmoja amechanja saba. Mganga amesema saba si kliniki, lakini ameandika kuwa ilifanyika. Nimesema si mtu mbaya.

Jioni Tabitha amekuja kunipima presha. Iko juu.

"Unameza kweli?"

"Si nimeandika?"

22 Machi

Leo nitaandika kitu, kwa sababu mvua hainiachi nitoke na Mokami amelala.

Ng'ambo kuna binti yetu. Aliolewa kule. Masika ya mwaka jana kliniki ilirukwa mara tatu, mto ulijaa, na surua ikapita nyumba kwa nyumba. Mjukuu wetu wa kwanza alikuwa na mwaka na miezi miwili. Alikuwa anapenda kuvuta masharubu yangu. Mimi nilipata habari siku mbili baadaye, kwa sababu ya mto huo huo.

Sasa binti yetu ana mwingine, wa kiume. Atafikisha miezi tisa mwezi wa tano, na miezi tisa ndiyo umri wa sindano ya surua. Kliniki yake ni tarehe 15.

Basi. Nimeandika.

25 Machi

Nimerudi kwa Heche kuomba springi ya pili. Nilitegemea anicheke. Alisema, "Hata mimi ya kwanza niliichoma. Ulinichapa kwa ile spana, unakumbuka?"

Nakumbuka. Nilimchapa kwa sababu na mimi ya kwanza nilikuwa nimeichoma.

Pikipiki ina miguu miwili, kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho. Tumeikata pamoja kwenye jiriwa kwa msumeno, mmoja anasugua mwingine anamwagia maji.

26, 27, 28 Machi

Tupa. Tupa. Tupa.

30 Machi

Imeingia! Ile pistoni ya upepo nimeiacha iwe kiti cha springi. Springi nimeizungushia kipande cha tyubu ya zamani isipige kelele ndani ya bomba, na grisi ya kutosha. Kati ya springi na kifuniko kunabaki nafasi ya vidole vitatu, nimeziba kwa bomba la plastiki.

Mokami ameketi juu ya baiskeli kama mzigo wa majaribio. Ikashuka, ikapanda. Akashuka yeye, akaipiga usukani kofi, akasema, "Inapumua."

Dawa: nimemeza.

3 Aprili

Tabitha amefika Ng'ambo na kurudi. Amechanja ishirini na wawili. Lakini kwenye kila shimo uma uligonga mwisho, ngo! ngo! na mikono yake inatetemeka, hawezi kushika kikombe. Bomba la plastiki limepasuka. Springi inataka kukandamizwa zaidi, ianze safari ikiwa tayari imekaza misuli.

5 Aprili

Badala ya plastiki, kipande cha mti wa kawaida: kimevimba kwa unyevu, kimegoma kutoka, nimekitoa kwa nyundo na matusi.

6 Aprili

Bomba la chuma: dogo linacheza, kubwa haliingii.

8 Aprili

Nina fimbo. Mzeituni wa porini, mgumu kama chuma, mweusi kwa mafuta ya mkono wangu. Nilipewa na rika langu siku waliponiingiza kwenye baraza la wazee. Ilikuwa inanifika kifuani. Leo nimeipima kwa upande wa chini na tundu la uma. Iko sawasawa, kama imezaliwa humo.

Nimekata vidole vinne.

Mokami alinikuta na msumeno. "Umekata fimbo ya wazee?"

"Kipande tu."

"Wakikuuliza?"

"Nitawaambia nimerefuka."

10 Aprili

Vinne ni vichache, bado inagonga. Nimekata kipande kingine, cha vitano.

12 Aprili

Leo jaribio la mayai. Nimetia mayai kumi ya Mokami kwenye boksi tupu la chanjo, nikamwambia Tabitha apite mteremko wa mawe mbele yangu.

Yamepasuka manne. Tumeenda kuyakaanga kwa Heche. Heche akasema, "Tata, ukiendelea kushindwa hivi tutanenepa."

Tabitha alicheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki nilimwona lini akicheka. Kisha akauliza, "Ninyi wawili si mlikuwa hamsemeshani? Mzee alisema ulimwibia jiriwa."

Heche alinitazama, halafu akageuza yai.

"Niliitamani sana," akasema.

Nimekata vidole sita. Fimbo sasa iko kitovuni.

13 Aprili

Sijalala vizuri. Andika ukweli, alisema.

Heche hakuiba jiriwa. Niliitoa mimi. Mwaka ule dhahabu ilipolipuka nilicheka kila aliyekimbilia huko, halafu nikaipeleka jiriwa kwa mtu wa Kenya, akanipa hisa kwenye duara moja. Tulichimba miezi mitatu. Tulipata maji. Mazuri, ya baridi, lakini maji. Nilipotoka nikasema Heche ameiba, maana yeye ndiye alikuwa ameondoka na hayupo wa kubisha. Leo nimemuuliza ilimfikiaje. Anasema aliikuta Sirari kwa yule mtu, akainunua.

"Kwa nini hukuniletea?"

"Ulikuwa unaniita mwizi njiani, tata. Ningekuletea ungesema nimerudisha."

Ni kweli, ningesema.

Nikamweleza na habari ya kompresa, jinsi nilivyopasua kale kapete. "Mlinzi aliniambia siku ile ile," akasema.

"Na hukusema?"

"Nilingoja uje kusema mwenyewe. Sikudhani utafika mwezi wa nne."

16 Aprili

Vidole sita. Mayai kumi, limepasuka moja, na hilo Mokami anadai lilikuwa na ufa tangu kwa kuku. Kuku wake hawajawahi kukosea.

17 Aprili

Mto umefunika magogo. Tabitha alisubiri ukingoni mpaka alasiri, baiskeli imesimama imara, springi iko tayari, na hakuna pa kupita. Amerudi. Huo si uzembe wa mtu, lakini kwenye karatasi ni kukosekana. Imebaki nafasi moja.

18 Aprili

Mvua. Nimeitukana kwa lugha tatu.

24 Aprili

Heche amepeleka wanaapolo wake kumi na wawili mtoni. Wameburuta magogo, wakayainua juu ya mawe, kimo cha mtu mzima, wakayafunga kwa nyaya za duara. Siku nzima bila kuchimba. Nilikuwa nawaita watu hawa vichaa wa dhahabu. Mmoja wao, kijana wa kutoka Mbalibali, aliniomba radhi kwa kunikanyaga. Hakuwa amenikanyaga. Alikanyaga fimbo, na ni kwa sababu imekuwa fupi, haionekani kama nimeishika.

1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, zahanati imefungwa, kwa hiyo haihesabiwi kukosekana. Kliniki inayofuata ni tarehe 15.

5 Mei

Hakuna jipya. Nimemeza. Leo ni kweli.

6 Mei

Tabitha, ukifika ukurasa huu: zile nyingine zote ni uongo. Vidonge viko kwenye kopo la gololi, rafu ya chini. Viko sitini na vinne. Nilidhani presha ni hofu ya watu waliosoma. Halafu nikaona uma ule ulivyolala ghafla kwenye mteremko, bila kumwambia aliyeupanda. Nimeanza jana.

12 Mei

Nimefungua uma kwa ukaguzi wa mwisho. Kipande cha fimbo hakijavimba wala kupasuka. Springi haina hata mkwaruzo. Nimepaka grisi, nimefunga, nimefungua tena kuhakikisha nimefunga.

14 Mei

Mvua usiku kucha. Mokami hajazima taa. Hakuna aliyemtaja mtoto.

15 Mei

Nitaandika yote.

Asubuhi mvua ilikatika. Tabitha alifika, boksi limefungwa kwa kamba za tyubu nilizomkatia. Alinikuta nimevaa koti.

"Unaenda wapi, mzee?"

"Mtoni. Nataka kusikiliza."

"Kusikiliza nini?"

"Ngo."

Heche alinibeba kwa pikipiki mpaka juu ya mteremko, tukashuka hapo, kwa sababu kutoka pale ni mawe matupu, yaliyooshwa na mvua, yanang'aa. Ndipo alipoanguka mwezi wa tatu. Tabitha akasimama, akayatazama. Niliona anaushika mkono wake, ule uliochubuka. Nilitaka kumwambia ukweli hapo hapo, kwamba ni mimi. Badala yake nikasema, "Kama unaogopa, nipe nipande mimi." Akanitazama mimi na kale kafimbo kangu, akacheka puani, akapanda.

Akateremka.

Sijui nielezeje. Gurudumu la mbele lilipiga jiwe la kwanza, uma ukashuka, ukalimeza, ukapanda. La pili, ukalimeza. Yeye juu anatikisika kidogo tu, kama mtu aliyekaa kwenye ngamia wa Faridu, maana Faridu anadai babu yake alikuwa na ngamia. Nilisimama mdomo wazi nikitega sikio. Niliusikia mto. Nilimsikia Heche akipumua. Ngo sikuisikia. Hata moja.

Mtoni maji yalikuwa yanapita chini ya magogo kwa kiganja kimoja. Tabitha akatia baiskeli begani, boksi mgongoni, akavua viatu akaviuma kwa meno. Heche alitaka kumfuata, akamkatalia kwa mkono. Hatua ndogo ndogo. Katikati alisimama. Nikamwambia Heche, "Kwa nini anasimama?" Heche akasema, "Tata, unanivunja kidole." Nilikuwa nimemshika, sikujua.

Akavuka. Akavaa viatu. Akatupungia, akapotea kwenye mahindi.

Tulikaa pale. Heche alisema nirudi, nikakataa. Aliagiza muhogo wa kuchoma, tukala. Aliniuliza kama nitamchukua tena dhahabu ikiisha. Nikamwambia kibanda changu hakina nafasi ya viatu vyenye ncha. Akasema atavivua mlangoni.

Saa kumi na moja hivi jua likiwa limeegemea vilima, tukaona rangi ya bluu. Akavuka tena. Alipofika kwetu akakaa juu ya jiwe, akafungua boksi, akanionyesha chupa tupu, nzima zote, hata yenye ufa hakuna.

"Thelathini na wanne," akasema. "Wamama walinisubiri. Walikuwa wamesikia magogo yameinuliwa."

Sikuuliza. Nilikuwa nakagua nati za uma, nati ambazo hazikuhitaji kukaguliwa.

"Mmoja alilia kuliko wote," akaendelea. "Alinikamata kola ya gauni, hataki kuachia. Mama yake akaniambia kwamba wewe hujui jina lake, maana hakutaka kulisema mpaka achanjwe. Anaitwa Kisyeri."

Niliendelea na nati.

"Mzee?"

"Jicho limeingia grisi," nikasema. Heche akageuka kuangalia mto.

Nyumbani nimemwambia Mokami. Alichukua mayai yote yaliyokuwepo, akayakaanga, tukala wawili kama wezi.

Dawa: nimemeza.

20 Mei

Nimemeza.

23 Mei

Faridu amepata habari. Ametuma mtu aulize kama naweza kutia springi kwenye baiskeli mbili nyingine za msaada, za kule Mugumu. Nimemjibu naweza, ila kwanza aniletee chai hapa kwangu, na akija asinikumbushe ile pampu. Heche amehamishia jiriwa kibandani kwangu. Anasema ni kwa muda. Ameifunga kwa boliti sita.

29 Mei

Mvua imepungua. Leo Tabitha amepita Ng'ambo kama mtu anayeenda sokoni. Kliniki haifungwi, mganga ameandika hivyo kwa mkono wake. Jioni anakuja kuchukua daftari.

Basi, Tabitha, umesoma. Umeona habari ya kompresa. Uma haukuchakaa, niliupasua mimi, na mkono wako niliuchubua mimi. Nimechelewa kusema miezi miwili na zaidi. Ukitaka kunitukana, njoo mchana, Mokami apate kusaidia.

Ila siku ya mayai uliniahidi kitu ukiwa unacheka, usidhani nimesahau. Ulisema ukipita Ng'ambo, pale kwenye mizeituni ya porini juu ya kisima, utanikatia fimbo. Ya sasa inanifika kitovuni, na jana mbwa wa jirani aliitazama akapiga miayo. Nataka iliyonyooka, ya kunifika kifuani, na ukate ndefu zaidi kidogo kwa upande wa chini. Vidole kumi na viwili hivi. Kuna zile baiskeli mbili za Mugumu.